The Elder Scrolls: mizani ya mapigano na utamu wa hadithi, maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umetokana na daftari. Banda letu la gemu lipo Nkuhungu, hapa Dodoma, na kila swali kuhusu mfululizo huu lililoulizwa zaidi ya mara mbili nimekuwa naliandika. Waulizaji ni wanafunzi wa chuo wanaokuja wikiendi, madereva wa bodaboda wanaokimbia jua la mchana, na siku hizi hata wazazi. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya waliobobea. Swali lako likigusa jambo lililokwisha kujibiwa, nimekuelekeza kwenye namba yake.

Msimamo wangu ujulikane mapema. Mapigano na hadithi ni kitu kimoja. Namna gemu inavyopima nguvu zako dhidi ya nguvu za adui ndiyo inayokuambia ule ni ulimwengu wa namna gani. Kipimo hicho kikiharibika, hadithi inaanza kudanganya hata kama maneno yake yameandikwa vizuri.

## Ya mwanzo

1. The Elder Scrolls ni nini, na gemu zenyewe ni zipi?

Ni gemu za kuigiza mhusika. Unaumba mtu wako, unamchagulia asili na ujuzi, kisha unaingia katika bara la Tamriel na kwenda unakotaka. Zinatengenezwa na Bethesda ya Marekani. Gemu kuu ni tano: Arena (1994), Daggerfall (1996), Morrowind (2002), Oblivion (2006) na Skyrim (2011). Arena ilizunguka bara zima. Baada ya hapo kila gemu ikajikita katika sehemu yake.

Majibu mengi hapa yanahusu tatu za mwisho, kwa sababu ndizo watu wanazocheza. Zote tatu ziliongozwa na Todd Howard, ila ukizicheza mfululizo utadhani zimetoka kwa mafundi watatu wasiofahamiana.

2. "Mizani" mnayoitaja kila siku ni nini hasa?

Ni uwiano wa nguvu kati yako na adui, na pia kati ya njia mbalimbali za kupigana. Haina maana ya gemu rahisi wala gemu ngumu. Mizani ikiwa nzuri, ukishindwa unajua sababu, na ukishinda unahisi umestahili. Mwenye rungu, mwenye upinde na mchawi kila mmoja anapata siku yake. Ikiwa mbaya, njia moja inameza nyingine zote (swali la 9), au unakua bila kuhisi kwamba umekua (swali la 7).

3. Nianze na ipi?

Skyrim, kama hujawahi kucheza gemu za aina hii. Haikuadhibu kwa kutojua. Ukiwa mtu wa kusoma, mwenye subira, anza moja kwa moja na Morrowind na usisikilize wanaosema imezeeka. Arena na Daggerfall ziache kwanza, utazirudia kwa heshima baadaye. Zote mbili zinapatikana bure.

4. Lazima nizicheze kwa mpangilio?

Hapana. Kati ya Morrowind na Oblivion, kwa kalenda ya Tamriel, ni miaka 6 tu, kisha Skyrim inakuja miaka kama 200 baadaye. Kila moja ina mhusika wake mpya. Utakachokosa ukiruka ni ladha ndogondogo: jina la mtu uliyemjua Morrowind akitajwa Skyrim kama kitu cha kale.

5. Kompyuta yangu ni ya zamani. Nitacheza nini?

Morrowind. Kuna programu huria inaitwa OpenMW inayoiendesha vizuri kwenye mashine za kawaida, ilimradi una faili halali za gemu yenyewe. Kwa Daggerfall kuna Daggerfall Unity. Oblivion ya 2006 na Skyrim ya 2011 nazo zinakwenda kwenye laptop ya ofisini ukipunguza mapambo. Oblivion mpya ya 2025 inataka mashine nzito, usijisumbue.

## Mapigano

6. Kaka, mbona Morrowind panga langu linapita mwilini mwa adui kama kwenye moshi?

Hili ndilo swali la kwanza kwenye daftari, na limeulizwa kuliko mengine yote. Unamwona panya mbele yako, unampiga, panga linapita katikati yake, hakuna kitu. Unapiga tena, hakuna. Panya anakumaliza. Mtu anafunga gemu akisema imeharibika.

Haijaharibika. Morrowind haiangalii kama panga limemgusa adui kwenye skrini, inarusha dadu. Inachukua ujuzi wako wa silaha hiyo, inaongeza moja ya tano ya wepesi wako, inaongeza moja ya kumi ya bahati yako, kisha inazidisha jumla kwa namba inayotokana na pumzi: 1.25 ukiwa na pumzi kamili, 0.75 ukiwa umeishiwa kabisa. Jibu lake ndiyo asilimia yako ya kupata, na hapo bado hujatoa uwezo wa adui wa kukwepa.

Tufanye hesabu. Mhusika mpya ameokota kisu cha chuma kwenye ofisi ya forodha pale Seyda Neen, kijiji gemu inapoanzia, lakini ujuzi wake wa visu ni 10, wepesi 40, bahati 40. Jumla ni 10 na 8 na 4, yaani 22. Akiwa na pumzi tele anapata asilimia 27 na kidogo. Akiwa amekuja mbio, ule mstari wa kijani umekwisha, anashuka hadi 16 na nusu. Mapigo matano kati ya sita yanakwenda hewani! Sasa chukua mwenzake aliyechagua panga refu kama ujuzi mkuu tangu mwanzo na ana 45. Kwa pumzi kamili anavuka asilimia 70. Gemu ni ileile, saa ni ileile, na watu wawili wanaishi maisha tofauti.

Kwa hiyo dawa ni mbili. Tumia silaha uliyoichagua wakati unaumba mhusika, hata kama iliyo mbele yako inang'aa zaidi. Na usikimbie kuelekea kwenye pambano. Tembea, ufike na pumzi.

Huu si udhaifu wa gemu, ingawa naelewa kwa nini unaumiza. Morrowind inakuambia kwamba wewe ni mfungwa aliyeshushwa melini bila kitu. Hujui kushika kisu, na kweli hujui. Saa arobaini baadaye unapopiga na kila pigo linafika, hakuna aliyekutangazia kwamba umekuwa shujaa. Umeuona ushujaa mkononi.

7. Mbona kwenye Oblivion kadiri ninavyopanda levo ndivyo ninavyozidi kupigwa?

Kwa sababu dunia nzima inapanda nawe. Oblivion ya 2006 inapima karibu kila adui kwa levo yako. Ukiwa levo 1, pango lina majambazi wa manyoya na visu vya kutu. Rudi ukiwa levo 25, majambazi wa aina ileile wamevaa mavazi ya kioo, yenye thamani kubwa kuliko nyumba. Na yule wa barabarani bado anakusimamisha na kudai dhahabu 100! Mtu aliyevaa mali ya maelfu, amejibanza kichakani kwa ajili ya 100. Hapo hadithi imekufa mbele ya macho yako, na aliyeiua ni mizani.

Tatizo la pili limejificha kwenye namna ya kukua. Unachagua ujuzi mkuu saba kati ya 21. Ujuzi huo ukipanda mara kumi kwa jumla, ukilala unapanda levo. Lakini ongezeko la sifa zako, kama nguvu na ustahimilivu, linategemea ulifanya mazoezi gani kabla ya kulala. Ili upate ongezeko la 5 kwenye sifa moja, inabidi uwe umepandisha ujuzi unaohusiana nayo mara kumi. Mchezaji wa kawaida hajui, anacheza anavyojisikia, anapata ongezeko la 2 na 3. Adui wao hawakosei hesabu. Kila levo unabaki nyuma hatua moja, na ukifika ya 20 unampiga jitu la msituni mpaka mkono unauma.

Waliogundua ujanja wakaanza kuchagua ujuzi wasioutumia kuwa ndio mkuu, ili wapande levo pale tu wanapotaka. Yaani ukitaka mchawi imara, unaandika kwamba wewe ni mpiga marungu. Gemu ikimlazimisha mtu aseme uongo kuhusu mhusika wake ili aishi, basi kuna kitu kimekosewa kwenye msingi.

Ushauri wangu kwa toleo la zamani: usihangaike kupanda levo. Hadithi kuu inaweza kumalizwa ukiwa bado kwenye levo za chini kabisa, na kuna wengi wanaoifurahia zaidi hivyo. Ustahimilivu upandishe mapema, maana uhai unaopata kila levo unahesabiwa kwa ustahimilivu ulionao wakati huo; ukichelewa, kilichopita hakirudi.

8. Toleo jipya la 2025 limerekebisha hayo?

Nusu. Lilitoka tarehe 22 Aprili 2025, siku ileile lilipotangazwa, na lilitengenezwa na kampuni ya Virtuos wakishirikiana na Bethesda. Kukua kumerekebishwa vizuri sana: sasa ujuzi wote unachangia levo, na kila ukipanda unapewa pointi 12 unazogawa kwenye sifa unazotaka, zisizozidi tatu. Hesabu za kujinyima zimekwisha, mtu anacheza alivyo. Unaweza pia kukimbia kasi, jambo ambalo la zamani halikuwa nalo.

Ila adui bado wanapanda nawe. Mwenye kioo bado yupo kichakani.

9. Kwa nini kila mtu kwenye Skyrim anaishia kuwa mpiga upinde wa kunyata?

Kwa sababu gemu inalipa kunyata kuliko kitu kingine chochote. Mshale unaorushwa bila adui kukuona unaumiza mara mbili, na ukichukua karama moja (uwezo wa ziada unaouchagua ukipanda levo) kwenye ujuzi wa kunyata unaumiza mara tatu. Kisu nacho, kwa karama yake, kinafika mara 15, na ukivaa glavu za Dark Brotherhood, chama cha wauaji, mara 30. Hakuna mwenye panga kubwa anayeona namba hizo hata kwa ndoto. Tena unazifanya ukiwa mbali, gizani, salama, na adui akipigwa mshale na kutokuona, baada ya muda anajisemea ilikuwa ni upepo na kurudi kukaa.

Nimeangalia vijana wengi wakianza. Mmoja anasema safari hii mimi ni shujaa wa nyundo. Anaingia pango la tatu, anaona upinde ukutani, anauchukua kwa ajili ya yule mmoja aliye mbali. Baada ya saa mbili nyundo iko sandukuni mjini Whiterun. Sijawahi kumlaumu hata mmoja. Maji hufuata mkondo, na mkondo umechimbwa na waliotengeneza gemu.

Ukitaka kuuvunja, jiwekee mwiko: mtu wako hajui upinde, basi. Kilichobaki kitakufundisha ngao, na ngao ya Skyrim ni tamu kuliko watu wanavyodhani.

10. Kiwango gani cha ugumu ni sahihi?

Kwenye Skyrim kiwango cha Adept ndicho mizani iliyokusudiwa: unaumiza kama ulivyo na unaumizwa kama walivyo. Novice unaumiza mara mbili na kuumizwa nusu. Master ni kinyume chake. Legendary, ulioongezwa 2013, unaumiza robo na kuumizwa mara tatu.

Ona kilichotokea hapo. Ugumu haujamwongezea adui akili. Hajifunzi kukuzunguka wala kuwaita wenzake. Amekuwa gunia zito zaidi. Na kwa kuwa mapigo ya kawaida yamekatwa hadi robo, unazidi kusukumwa kwenye zile mara tatu na mara 15 za swali la 9. Wanaojisifu kwa Legendary wengi wananyata. Mimi hucheza Expert: unaumiza robo tatu, unaumizwa mara moja na nusu. Inatosha kukufanya uheshimu dubu.

Oblivion ya zamani ina kishale cha kusogeza. Ukikivuta hadi mwisho wa kulia, adui anaumiza mara sita na wewe unaumiza moja ya sita. Usikivute.

11. Uchawi wa moto Skyrim ni dhaifu, au mimi ndiye sijui?

Unajua vizuri. Ukimpandisha mpiga panga ujuzi, pigo lake linakua. Ukimpandisha mchawi wa moto, gharama ya kurusha inapungua lakini moto wenyewe unabaki uleule mpaka ununue karama au uchawi mkubwa zaidi. Njia ya kuishi ni kurusha kwa mikono miwili pamoja na karama inayomyumbisha adui, kisha kushonea nguo nguvu za kupunguza gharama. Vitu vinne unavyovaa vyenye asilimia 25 kila kimoja, na moto unakuwa bure kabisa. Kutoka dhaifu mpaka bila kikomo, hakuna kituo katikati. Morrowind inakuruhusu kutunga uchawi wako mwenyewe. Mchawi akahamie huko.

## Hadithi

12. Ipi ina hadithi bora?

Morrowind, na nitaeleza kwa nini bila kuharibu utamu.

Unaambiwa huenda wewe ndiye yule shujaa wa kale, Nerevar, aliyezaliwa upya. Huenda. Gemu haikuapii. Kuna hekalu lenye miungu watatu wanaoishi, lina vitabu na maelezo rasmi ya namna Nerevar alivyokufa. Na kuna watu wa nyikani, wafugaji, wenye maelezo yao waliyorithishana kwa mdomo, ambayo yanawafanya wale miungu watatu kuwa wauaji. Ukifika kwa mungu mwenyewe, Vivec, unamuuliza uso kwa uso, naye anakupa toleo la tatu. Hakuna mahali gemu inakuja kukuambia nani mkweli.

Nimekua nikisikia wazee wetu huku Ugogoni wakisimulia asili ya koo zao, mmoja na zeze mkononi, na mzee wa kijiji cha pili anasimulia habari ileile kwa namna yake, na wote wanakunywa pamoja baadaye. Kwa hiyo Morrowind nilipoicheza mara ya kwanza haikunishangaza kama inavyowashangaza wengine. Niliona ndivyo historia ilivyo. Unasikiliza wote, halafu unaangalia nani anafaidika na nini.

Na adui mkuu, Dagoth Ur, ukimfikia ndani ya mlima hakurukii. Anazungumza kwanza. Anakuuliza kama kweli wewe ni Nerevar, na unajibu. Halafu ndipo vita. Nimecheza gemu nyingi ambazo bosi wa mwisho anapiga kelele. Huyu ananisubiri nimalize kufikiri.

Mizani inasaidia hapa pia. Viumbe wengine wa porini hubadilika kidogo kwa levo yako, lakini sehemu kubwa ya watu na mahali imewekwa kwa mkono na haikusubiri wewe. Kwenye mlima ule ukienda mapema unakufa, kama wanakijiji wote walivyokuonya.

13. Mbona Morrowind haina mshale wa kunionyesha niende wapi?

Kwa sababu watu wanakuelekeza kwa mdomo, kama mgeni anavyoelekezwa hapa: pita mtambo wa maji, ukiona mbuyu mkubwa kata kulia, uliza kwa mama wa chapati. Kazi ya kwanza ya hadithi kuu ni kumtafuta mtu anayeitwa Caius Cosades mji wa Balmora, na unachopewa ni jina la baa ya kuulizia. Muda mfupi baadaye unatumwa kwenye magofu ya Arkngthand kutafuta kijisanduku cha kale, kidogo kama kiberiti, kipo kwenye rafu. Watu wamekitafuta hadi usiku wa manane. Soma shajara yako, soma tena, uliza mtu wa pili. Kuna maelekezo machache yenye makosa kweli, na hapo samehe.

14. Wapenzi wa Oblivion wanasema hadithi zake ndizo tamu. Wanaona nini?

Wanaona hadithi za pembeni, na wako sahihi. Hadithi kuu ina mfalme mwenye sauti ya Patrick Stewart anayeuawa mapema, kisha unafunga malango ya moto, mengi yakifanana. Lakini ingia chama cha wauaji, Dark Brotherhood, ambacho kazi zake zilibuniwa na Emil Pagliarulo.

Kuna moja naisimulia bandani mara kwa mara. Unatumwa kwenye nyumba moja mjini Skingrad. Ndani kuna wageni watano walioalikwa kwenye sherehe. Wameambiwa kuna sanduku la dhahabu limefichwa na mlango hautafunguliwa mpaka lipatikane. Wewe ni mgeni wa sita. Hakuna sanduku, na funguo iko mfukoni mwako. Unatakiwa kuwaua wote, na ukifanya bila kuonekana unapewa zawadi ya ziada. Kwa hiyo unakaa nao. Mnaongea. Mgeni mmoja anakunywa na kukueleza ya moyoni, binti anakuambia anamshuku nani. Mtu wa kwanza akipatikana amekufa, waliobaki wanakuja kwako kutafuta faraja, na wewe unachagua maneno ya kumgeuza mmoja dhidi ya mwingine.

Binamu yangu alifika kwa yule wa mwisho akaweka pedi chini. "Huyu ananiamini," akasema. Tukakaa kimya wote.

Angalia sasa: katika nyumba ile hakuna pambano lolote la maana. Wale wageni ni wanyonge, levo yako haina kazi. Hadithi bora za Oblivion ni zile ambazo mizani yake mbovu haikupata nafasi ya kuingia.

15. Skyrim ina hadithi au ina milima tu?

Ina hadithi nyepesi ikisemwa kwa mdomo, na nzito ikisemwa kwa mahali.

Ya mdomo kwanza. Vita vya waasi wa Stormcloaks na dola ya Empire vina hoja nzuri pande zote, lakini ukimaliza, miji inabadilisha bendera na walinzi, basi. Chuo cha wachawi unaweza kukiongoza ukiwa umerusha uchawi mara chache za kuhesabika. Jambo moja tu lilinitesa kweli: Paarthurnax, joka mzee aliyetubu na kukufundisha, na wenzako wanaokutaka umuue kwa makosa ya zamani. Mimi sikumuua. Mtu wa meza ya pili alimuua, na tumelijadili zaidi ya mara moja.

Ya mahali ndiyo kubwa. Nenda mnara wa taa wa Frostflow, kaskazini. Huambiwi kitu. Unakuta mwili, unakuta karatasi. Familia ilihamia hapo: baba, mama, watoto wawili. Kuna kelele kwenye handaki chini. Unasoma shajara moja baada ya nyingine, unashuka, unaona nani alifika wapi. Baba alitamani akifa achomwe kwenye moto wa ule mnara aliouhudumia. Mabaki yake unayakuta mahali pa kutisha, na ukipanda nayo ngazi zote hadi juu na kuyaweka motoni, unapata baraka: uchawi wako wa kuponya unaongezeka asilimia 10. Hakuna misheni iliyokutuma kufanya hivyo. Umesoma, umeelewa, umemzika mtu.

Aliyewahi kufika Kolo, kaskazini mwa Kondoa, akatazama ile michoro myekundu kwenye miamba, anaijua hali hii. Hakuna maandishi chini ya picha. Watu warefu, wanyama, mikono. Unasimama na kuunganisha mwenyewe. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Skyrim ikinyamaza ndipo inaponena vizuri zaidi.

16. Kiingereza changu ni kidogo. Nitafaidi hadithi?

Skyrim na Oblivion zimesemwa kwa sauti, na maandishi chini yanasaidia. Morrowind ni kusoma karibu muda wote. Sisi bandani tunafanya hivi: mmoja anashika pedi, mmoja anasoma na kusimulia kwa Kiswahili, na wengine wanaamua jibu lipi lichaguliwe. Mdogo wangu ndiye msomaji wetu, na Vivec anayemsimulia yeye ana maringo kuliko wa kwenye gemu. Chukua daftari, andika maneno mapya. Nimeona Kiingereza cha watu kikinyooka hivyo.

## Ya pembeni na ya waliobobea

17. The Elder Scrolls Online na Blades je? Na ya sita?

Online (2014) ni ya watu wengi kwa pamoja, inataka intaneti imara, na mizani yake ni somo jingine. Blades ilitengenezwa kwa ajili ya simu. Ya sita ilitangazwa 2018 kwa video fupi ya milima. Usiiwekee akiba ya pesa leo.

18. Nikiua mtu muhimu kwenye hadithi inakuwaje?

Morrowind inakuruhusu, kisha inakuonyesha maneno kwamba uzi wa unabii umekatika: rudisha sevu ya nyuma, au endelea kuishi katika dunia uliyoiharibu. Hata hapo kuna njia ya uchochoroni ya kumaliza, kupitia kifaa kimoja cha Dwemer, watu wa kale waliotoweka, sitasema zaidi. Oblivion na Skyrim watu hao hawafi, wanaanguka au kupiga goti, kisha wanainuka. Ni salama zaidi, na kwangu ni hasara.

19. Kutengeneza dawa za kuongeza akili mpaka uwe mungu ni wizi?

Kwenye Morrowind unakunywa dawa ya akili, ukiwa na akili zaidi unatengeneza dawa kali zaidi, unakunywa, unaendelea. Oblivion kuna nguo za kificho zikifika asilimia 100, hakuna anayekuona hata ukimpiga. Skyrim kuna mzunguko wa dawa, uhunzi na kushonea nguo nguvu. Gemu yako, nyumba yako. Ila fanya hivyo mara ya pili, si ya kwanza. Morrowind angalau inayo sababu ndani ya hadithi: wale miungu watatu nao walipata uungu kwa kutumia chombo ambacho hawakupaswa kukigusa.

20. Daggerfall ina miisho kadhaa. Upi ndio wa kweli?

Yote. Watengenezaji walipoendelea na mfululizo walikataa kuchagua. Wakasema muda wenyewe ulipasuka, na mambo yale yanayopingana yakatokea yote kwa pamoja, wafalme wote wakashinda. Ndani ya dunia ile wasomi bado wanabishana ilikuwaje. Ni uamuzi wa kijasiri kuliko wowote katika mfululizo huu, maana mchezaji wa kila aina ameheshimiwa. Ukilipenda jibu hili, swali la 12 litakukaa vizuri zaidi.

21. Umeme ukikatika napoteza kila kitu?

Skyrim inajisevu yenyewe ukipita milango au ukipumzika. Morrowind inajisevu ukipumzika tu. Mimi nilipoteza saa tatu siku moja, nikiwa nimetoka kwenye kaburi la ukoo na mkuki niliouhangaikia. Bonyeza F5 kila baada ya mazungumzo marefu na kabla ya kila mlango. Na uwe na sevu tatu tofauti.

22. Mtoto wa darasa la nne anaweza kucheza?

Skyrim imepewa alama ya miaka 18 Ulaya, na ina kukata vichwa. Oblivion ilipandishwa daraja la umri Marekani mwaka uleule ilipotoka. Mama mmoja aliyeniuliza hili nilimjibu: shikamoo mama, hapana, mwache akae karibu na msomaji asikilize hadithi tu, pedi itamsubiri.

23. Nimemaliza Skyrim mara tatu. Nifanye nini sasa?

Anza upya kwenye Expert. Bila upinde, bila kusafiri kwa kubonyeza ramani, bila ule mshale wa juu kama unaweza kuuzima. Usiende kwanza mlimani kwa wazee wa sauti, ambako hadithi kuu inakutuma. Toka kijiji cha Riverwood kwa miguu ukiwa na ngao na shoka, fuata mto, na ukiona moshi mahali usipopajua, nenda ukaone ni wa nani.